Kosa Dogo, Siku Nyingi: Adhabu Zinavyowaangukia Wakata wa Kilifi

Mtu akikutwa amelewa na kufanya fujo njiani Mtwapa, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inasema atozwe faini isiyozidi Sh 500, au afungwe muda usiozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Akikutwa anaombaomba mbele ya duka mjini Malindi, kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu kinataja Sh 100 au mwezi mmoja jela kwa kosa la kwanza. Akikutwa anatoka msitu wa Arabuko-Sokoke na mzigo wa fito begani bila kibali, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaanzia Sh 100,000 kwenda juu, au miezi sita kwenda juu.

Makosa haya hayapishani uzito kiasi hicho. Faini ya muombaji imebaki ilipoachwa zamani, wakati Sh 100 ilikuwa pesa ya maana. Faini ya fito imeandikwa juzi, na mkono uliokusudia kumtisha mfanyabiashara wa magogo. Aliyepiga hesabu ya kila sheria hakuwa na sheria nyingine mezani. Lakini watu wanaopandishwa kizimbani kwa makosa hayo matatu, Malindi, Kilifi au Mariakani, wanafanana: mgema, kibarua, mama muuzaji, kijana wa bodaboda, mzee wa Ganze asiye na mtu wa kumwekea dhamana. Kwa watu hao adhabu haipimwi kwa kosa. Inapimwa kwa kilichomo mfukoni siku ile hakimu anapotamka faini. Sheria ya Kenya inazo njia za kuliepusha hilo, nyingi na nzuri, na zinatumika kidogo mno.

Kwanza tujue dogo ni lipi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haina orodha ya makosa madogo. Kifungu cha 4 kinasema kosa kubwa ni lile linaloweza kuadhibiwa kwa kifo au kwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, isipokuwa sheria imelitaja kuwa dogo. Yaliyobaki yote ni madogo. Ambapo sheria imelitaja kosa dogo bila kulipangia adhabu, kifungu cha 36 kinaweka miaka miwili, au faini, au vyote. Kuzua rabsha inayoelekea kuvunja amani ni miezi sita. Kumpiga mtu bila kumuumiza ni mwaka mmoja. Kuwa kero kwa umma ni mwaka mmoja. Hapa kitabu na mtaa vinaelewana.

Vinaachana kwenye kuku. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, unaweza kumfikisha mtu miaka mitatu, kwa hiyo hata wizi wa kuku mmoja wa Bamba umevuka mpaka na kuingia katika makosa makubwa. Mbuzi yuko mbali zaidi: kifungu cha 278 kinamtaja pamoja na ng'ombe, farasi na ngamia, na mwisho wake ni miaka 14. Kijijini watu wataliita jambo la mbuzi la kuzungumzwa chini ya mwembe. Kitabuni ni jambo zito, na uzito huo una matokeo, maana kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachomruhusu hakimu kuhimiza wahusika wapatane na kulipana fidia, kinahusu makosa ya kibinafsi yasiyofikia kiwango cha kosa kubwa. Waliotukanana wanaweza kupatanishwa kwa kifungu hicho. Aliyeiba kuku na mwenye kuku wake, hata wakiwa binamu, wanabaki nje yake. Mlalamishi anaweza kuomba kuondoa malalamiko, lakini hiyo ni njia nyingine, na inategemea hakimu aridhike kwamba sababu zake zinatosha.

Kanuni hii ilianza kutumika mwaka 1930. Kabla yake Waingereza walitumia hapa kanuni ya adhabu waliyoitunga kwa ajili ya India. Katika ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kulikuwa na mabaraza ya maliwali, mamudiri na makadhi. Bara kidogo, nyuma ya Kilifi na Malindi, wazee wa kaya waliamua mambo ya Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda. Mabaraza ya wazee yalipima kosa kwa fidia. Aliyezini na mke wa mtu alilipa malu; aliyeua, ukoo wake ulilipa kore. Mali ilitoka kwa aliyekosa ikaenda kwa aliyekosewa. Kanuni mpya iligeuza njia ya mali hiyo: faini ikaenda kwa serikali, na aliyekosewa akarudi nyumbani mikono mitupu. Kifungu cha 31 kinaruhusu mahakama iamuru fidia, lakini mazoea yalikwisha kujengeka kwamba kesi ni baina ya mtu na serikali.

Na kwa Wagiriama, faini ya serikali iliingia kwa ubaya. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walioongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza, walikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Vita vya Wagiriama na Waingereza vilipokwisha, watu walitozwa faini ya pamoja, asiye na hatia akilipa sawa na mwenye hatia, na waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama mashamba yao. Mwaka huo huo wa 1914, bunge la London lilipitisha sheria ya kuwataka mahakimu wa Uingereza wawape maskini muda wa kulipa faini kabla ya kuwapeleka jela. Idadi ya Waingereza waliofungwa kwa kukosa faini ikashuka sana. Serikali iliyojua kwao kwamba faini isiyo na muda ni kifungo kwa mkata haikuileta huruma hiyo Giriama.

Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 iliweka mfumo mmoja wa mahakama nchi nzima. Lilikuwa jambo jema: Mgiriama, Mswahili, Mhindi na Mzungu wote mbele ya hakimu mmoja. Lakini hakimu huyo alirithi kitabu cha 1930 na mazoea yake.

Hakuna mahali mazoea hayo yanapoonekana wazi zaidi kuliko kwenye mnazi. Kilifi, kutoka Rabai na Kaloleni hadi Magarini, uchi wa mnazi si kinywaji tu. Unapelekwa posa, unamiminiwa koma, yaani mizimu ya wahenga, kwenye vigango vyao vya mbao, na unamlipia mtoto karo. Mgema hupanda asubuhi na jioni. Akishuka, mnazi unauzwa mangweni, yaani kwenye vilabu vya mnazi, mara nyingi na mwanamke, na unanywewa kwa mboko na mrija. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima, mwaka 1972, juu ya minazi, mvinyo wake na mashahidi miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni, kwa sababu alikuta kwamba ardhi, mti na hukumu za wazee havitenganiki.

Sheria ya mwaka 2010 iliweka vileo vyote chini ya leseni. Nia yake nzuri ilijulikana: pombe za sumu zilikuwa zimeua na kupofusha watu wengi nchini. Lakini kuuza bila leseni kunaangukia kifungu cha jumla cha 62: faini isiyozidi Sh 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Rudi sasa kwenye mpaka wa kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu. Miaka mitatu ni mpaka wa kosa kubwa. Mama wa mangwe aliyeuza mitungi miwili ya mnazi wa asubuhi amewekwa kitabuni upande mmoja na mwizi, wakati mteja wake aliyelewa na kupiga kelele anakabiliwa na Sh 500.

Hakimu hatampa Sh 500,000. Kiwango hicho ni cha juu kabisa na mahakimu wanajua wanahukumu nani. Hata hivyo mlango ukiwa mpana namna hiyo, hukumu ya kituo kimoja na ya kingine zinaweza kuachana sana kwa kosa lile lile. Kuna jingine. Polisi akiingia mangweni, kiwango hicho ndicho anachokitaja. Mwenye kuuza akisikia laki tano, atatoa chochote alichofungia kwenye leso ili mambo yaishie pale. Hongo ya makosa madogo haitokani na tamaa peke yake. Inalishwa na pengo kati ya adhabu inayotishiwa na pesa zilizopo. Faini ndogo inayojulikana na kila mtu, yenye risiti, ingeua biashara hiyo haraka kuliko semina kumi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti utoaji wa leseni za vileo. Kilifi ndiyo inayoamua, basi, leseni ya mangwe iweje na ilipiwe kiasi gani. Leseni iliyofikirika kwa ajili ya baa ya barabara kuu haimfai mwanamke mwenye kiti kimoja na mitungi miwili, naye akishindwa kuipata anafanywa mhalifu kwa kazi aliyoikuta kwa bibi yake. Siwatetei walevi. Najua nyumba ambazo mnazi umezila, na watoto wanaolala njaa kwa sababu baba amepita mangweni. Lakini kumfunga muuzaji hakujapunguza kiu ya yeyote, na watoto wake yeye ndio wanaobaki bila mtu.

Sasa tumfuate mtu kuanzia anapokamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiishia nje ya saa za mahakama, basi siku ya kazi inayofuata. Kwa maneno mengine, aliyekamatwa Ijumaa jioni kwa fujo ya ulevi anaweza kulala seli hadi Jumatatu. Masiku matatu kwa kosa ambalo mwisho wa faini yake ni Sh 500. Hakuna hakimu aliyetoa adhabu hiyo, haimo katika hukumu yoyote, na kwa kibarua wa machimbo ya mawe ni siku zisizo na ujira na huenda ni mwisho wa kazi yenyewe.

Dawa ipo. Polisi anaweza kumwachilia mshukiwa kwa dhamana kituoni, na dhamana haiuzwi: pesa taslimu zinazowekwa lazima ziwe na risiti, na hurudishwa kesi ikiisha iwapo mshtakiwa amehudhuria. Fungu la pili la kifungu hicho cha 49 lina nguvu zaidi, nami naliona kuwa miongoni mwa mistari yenye huruma zaidi katika Katiba yetu: mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Fujo za ulevi zimo. Rabsha ya kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu imo. Kuombaomba kwa mara ya kwanza kumo. Hakimu haombwi hapo kupima dhamana. Katiba imekwisha kupima. Mshtakiwa asiyejua mstari huo hawezi kuudai, na asiye na wakili hana wa kumdaia. Kwa makosa haya wengi hawana wakili.

Kisha anasomewa mashtaka. Anaulizwa kama ni kweli au si kweli, naye anajibu, "Ni kweli." Wapo wanaojibu hivyo kwa kuwa ni kweli. Wapo wanaojibu hivyo kwa sababu wameambiwa seli kwamba ukikubali unatoka leo, ukikataa unarudi rumande. Na wapo, hasa wazee wa Ganze na Magarini, wanaoielewa lugha ya Kigiriama kuliko Kiswahili cha karatasi ya mashtaka. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973, utaratibu uko wazi: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, ukweli wa tukio usimuliwe, aulizwe tena kama anaukubali, na akionyesha shaka yoyote iandikwe kwamba amekana. Katiba imeongeza haki ya mkalimani bila malipo. Utaratibu huu ukiharakishwa asubuhi yenye washtakiwa wengi, hasara yake hairekebishiki kirahisi, kwa sababu aliyekubali kosa hana rufaa juu ya hatia. Anaweza kukata rufaa tu juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, na siku zake ni 14.

Baada ya "ni kweli" inakuja faini, na nyuma ya faini kuna kipimo cha kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema asiyelipa afungwe hadi siku ngapi. Faini isiyozidi Sh 500 ni siku 14. Ikizidi hapo hadi Sh 2,500 ni mwezi mmoja. Hadi Sh 15,000 ni miezi mitatu, hadi Sh 50,000 ni miezi sita, na zaidi ya hapo ni mwaka mmoja. Hivyo ni viwango vya juu, na hakimu anaweza kushuka. Viangalie kwa jicho la mkata. Faini ikipanda kutoka Sh 2,500 hadi Sh 3,000, kuna nyongeza ya Sh 500 tu kwa mwenye nazo. Kwa asiye nazo, muda unaoweza kumkumba umetoka mwezi mmoja hadi mitatu. Na aliyetozwa Sh 3,000 na aliyetozwa Sh 15,000 wanaweza kukaa muda ule ule. Kipimo hiki kinabadilisha shilingi kuwa siku za maisha ya mtu, tena kwa bei mbaya kabisa kwa wale wa chini.

Ndio maana husikika kila mwaka, Ramadhani na Krismasi, wahisani wamekwenda magereza kuwalipia wafungwa faini ili waende nyumbani. Ni sadaka njema na Mungu awalipe. Lakini kila anayetolewa kwa njia hiyo ni ushahidi kwamba mahakama ilishaona anastahili kuwa huru kwa kiasi fulani cha pesa, na kilichomweka ndani ni kutokuwa nacho. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, Idara ya Mahakama ilipitia hukumu na kuwaachilia maelfu ya wafungwa wa makosa madogo nchini ili kupunguza msongamano. Uamuzi huo ulipitishwa ndani ya wiki chache.

Nchi nyingine zimejaribu kuitengeneza faini yenyewe. Finland tangu mwaka 1921, na Ujerumani tangu 1975, hutoza kwa siku za kipato: hakimu huamua kosa lina uzito wa siku ngapi, kisha kila mtu hulipa kwa kadiri ya anachopata kwa siku. Kilifi kipato cha mvuvi hakina hati ya malipo, kwa hiyo mfumo huo hauwezi kunakiliwa kama ulivyo. Msingi wake lakini umo katika sheria yetu. Kifungu cha 28 kinasema ambapo sheria haikutaja kiwango, faini isiwe ya kupita kiasi. Miongozo ya Sera ya Hukumu ya mwaka 2016, iliyofanyiwa marekebisho 2023, inamtaka hakimu aangalie uwezo wa mtu. Na kifungu cha 336 cha Sheria ya Mwenendo kinaruhusu faini ilipwe baadaye au kwa mafungu. Hakimu anaweza kumwambia mgema arudi kulipa siku nyingine. Mwenye shamba, mke na minazi Kaloleni atakimbilia wapi?

Nikiulizwa jambo moja la kubadilisha kesho asubuhi, ningetaja hilo: mshtakiwa wa kosa dogo aulizwe wazi, kabla ya kupelekwa chini, kama anahitaji muda wa kulipa, na jibu lake liandikwe. Hakuna sheria mpya inayohitajika.

Kwa asiyeweza kulipa hata kwa mafungu, ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii, namba 10 ya mwaka 1998. Inahusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitatu, au ambayo hakimu ameona miaka mitatu au chini yake inatosha. Mama wa mangwe anaingia hapo. Mwizi wa kuku anaingia pia, hata akiwa nje ya kifungu cha usuluhishi. Afisa wa probesheni hufika nyumbani, huzungumza na mzee wa mtaa na aliyekosewa, kisha hupeleka ripoti. Mtu akapewa saa za kazi isiyo na malipo karibu na kwao. Kilifi kazi hiyo haihitaji kubuniwa: kuna shule za msingi zisizo na ua, vipande vya pwani vinavyodai mikoko, zahanati zenye nyasi hadi dirishani. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hata kuachiliwa bila adhabu, kwa masharti au bila masharti, pale kosa lilipo jepesi na mkosaji anaaminika. Kinachokwaza ni ripoti, maana afisa mmoja na eneo kubwa vikikutana, wiki zinapita. Pesa za serikali zinazokwenda kumlisha mfungwa wa siku 14 zingefaa kumpa afisa huyo pikipiki na mafuta.

Msitu unahitaji maneno yake. Arabuko-Sokoke, kama kilomita za mraba 420 kati ya Kilifi na Malindi, ni mabaki makubwa ya msitu wa pwani uliokuwa umeenea zamani, na viumbe wake wengine ni nadra sana duniani. Anayesema msitu uachwe bila sheria hautakii mema. Lakini viwango vya chini vimemfunga hakimu mikono. Sheria ya Wanyamapori, ilipopitishwa mwaka 2013, ilimwekea anayewinda kwa ajili ya kitoweo angalau Sh 30,000 au angalau miezi sita. Aliyetega paa kulisha watoto wakati wa ukame hapatiwi kiwango cha ukame. Sheria ya misitu nayo inamkuta mwenye lori la makaa na mwenye fungu la fito katika kifungu kile kile, kuanzia Sh 100,000. Mwenye lori analipa jioni hiyo hiyo na kuihesabu kama gharama ya biashara. Mwenye fito, kwa kipimo cha kifungu cha 28, yuko kwenye ngazi ya mwaka mmoja. Adhabu iliyotungwa kumzuia mkubwa imempita juu ikamwangukia mdogo.

Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, umefanya jambo tofauti. Wakulima wa kando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wa vipepeo hao ng'ambo, na kwa hiyo wana sababu ya kuutaka msitu usimame. Mwenye sababu hiyo hulinda hata usiku, ambapo askari hayupo.

Wazee wa kaya nao wamerudi kwenye mazungumzo, kwa sababu kifungu cha 159 cha Katiba kinaitaka mahakama ihimize njia za jadi, na Agosti 2020 Idara ya Mahakama ilizindua Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki iliyotokana na kamati ya Jaji Joel Ngugi. Nauunga mkono mwelekeo huo kwa matusi, mipaka ya minazi, kuku, mbuzi waliokula mahindi. Baraza la wazee linamrudishia aliyekosewa mali yake, linawarudisha majirani kwenye kisima kimoja, na halimtengi mtu na kwao. Lakini Kilifi ina majeraha mawili yanayokataza kuliamini baraza kwa kila jambo. La kwanza ni watoto wa kike walionajisiwa na mambo yakamalizwa nyumbani kwa mbuzi na pesa kidogo. Hilo si kosa dogo na haliwezi kufanywa dogo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imewanyima familia na wazee mamlaka ya kuifuta kesi hiyo. La pili ni wazee wenyewe wanaotuhumiwa uchawi kwa sababu ya mvi na macho mekundu, wengine wakauawa kwa panga. Wengine wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kuokoa roho zao. Mahali ambapo mzee anaweza kuuawa kwa tuhuma, hukumu ya mtaa lazima iwe na mipaka na mlango wa kutokea kuelekea mahakamani.

Na uko msitu wa Shakahola. Paul Mackenzie, mhubiri ambaye miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa katika msitu huo alimowakusanya wafuasi wake, alikuwa amepita katika mahakama za makosa ya kawaida kabla ya mwaka 2023. Machi mwaka huo alikamatwa kufuatia vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Kesi nzito zinazomkabili ziko mbele ya mahakama. Ile iliyokwisha, Malindi, Desemba 2023, ilikuwa ya kuendesha studio na kusambaza filamu za mahubiri bila leseni, na alipewa miezi 12. Sitaki kuwalaumu watu wa mahakama kwa kitu ambacho wengi wetu hatukukiona. Lakini saa za polisi, za waendesha mashtaka na za mahakimu ni zile zile. Asubuhi inayotumika kuwasomea mashtaka walevi na wauzaji wa rejareja ni asubuhi iliyotolewa kwenye faili nyingine, na ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliochapishwa mwaka 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulikwisha kuonyesha ni kwa kiasi gani mfumo huo unajaa maskini waliokamatwa kwa makosa madogo.

Bara la Afrika limeanza kuvisoma upya vitabu hivi. Mahakama Kuu ya Malawi ilifuta mwaka 2017 kosa la kuwa mzururaji, baada ya mchuuzi wa barabarani kulipinga. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake. Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuata Desemba 2022. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, katika mageuzi ya kabla ya uchaguzi, lakini kifungu cha 182 kikabaki na Sh 100 zake, kikiwahukumu waombaji na wanawake wa usiku wa Mtwapa na Malindi kwa maneno ya wakoloni. Kukifuta ni kazi ya Bunge la kitaifa, Nairobi.

Wabunge wa Kaunti ya Kilifi hawana haja ya kulisubiri. Sheria za masoko, vibali vya biashara na leseni za mnazi ni zao, na adhabu zake wanaweza kuziandika upya kwa kuanzia na onyo, kisha tozo ndogo inayolipika kwa simu, kabla ya mtu kufikishwa mahakamani hata kidogo. Na kwa aliyekwisha kufungwa, vifungu vya 362 na 364 vya Sheria ya Mwenendo vinaipa Mahakama Kuu, iliyo na kituo Malindi, uwezo wa kuitisha faili la mahakama ya chini na kuipunguza adhabu au kuibadilisha iwe huduma kwa jamii. Barua ya mfungwa au ya jamaa yake inatosha kuanzisha jambo hilo. Haihitaji wakili, nayo iandikwe mapema, kwa sababu kifungo cha siku 14 huisha kabla faili halijafika mezani.